Sahihi ya Mshauri

Fundi alifika kliniki kabla ya saa mbili, mapazia mawili ya bluu yamekunjwa kwapani, pua inamchuruzika. Hii ilikuwa siku ya tatu bila dawa. Miguu ilimuuma hadi kwenye mifupa, na alipiga miayo mpaka machozi yakamtoka.

Kwa miezi saba alikuwa akisimama kwenye dirisha lile kila asubuhi, anakunywa kikombe chake cha methadoni, dawa ya kuacha heroini, mbele ya muuguzi, kisha anasema "asante" kwa sauti ili ionekane amemeza. Miezi saba hajagusa unga. Wateja walikuwa wamerudi kumletea vitambaa, na binti yake alikuwa amekubali tena kushikwa mkono njiani kwenda shule. Dada yake, aliyewapokea wote wawili, alimwonya mara moja tu: "Ukirudia, mdogo wangu, mlango huu usahau. Na mtoto atabaki kwangu."

"Sista, nisaidie leo," alisema dirishani.

Muuguzi akaigeuza kadi. Upande wa dawa ulijaa alama hadi siku tatu zilizopita. Upande wa ushauri, mistari miwili ya mwisho ilikuwa mitupu.

"Fundi, ningekuwa na uwezo ningekupa sasa hivi. Lakini mwongozo mpya unasema bila sahihi ya mshauri, nisitoe."

"Mshauri mwenyewe yuko wapi?"

"Si unajua alihamishwa?"

"Sasa atasaini nani?"

"Tunasubiri mwingine."

"Lini?"

Muuguzi alitazama pembeni. "Ukikosa na leo, jina lako linatoka kwenye orodha. Utaanza upya kuomba nafasi."

Alisema kwa sauti ya chini, kama yeye ndiye mkosaji. Hakuwa mkosaji. Hapo ndipo Fundi alipochoka kabisa, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kugombana naye.

"Fundi! Mapazia tayari?" Bosi wa kliniki alitokea kwenye korido, tai shingoni. "Wageni wanafika saa nne."

Wageni hao walikuwa wanakuja kujionea jinsi dawa na ushauri vinavyokwenda pamoja.

"Tayari, bosi. Ila kuhusu dawa yangu..."

"Kwanza mapazia."

Chumba cha ushauri kilinuka rangi mpya. Kulikuwa na viti viwili vinavyotazamana, na bango ukutani: DAWA NA USHAURI, MIGUU MIWILI YA SAFARI MOJA. Fundi alipanda kwenye kiti akatundika mapazia. Moja lilikuwa limekwenda upogo, pindo lake limeshuka vidole viwili zaidi ya la mwenzake. Alilishona jana akitokwa jasho. Aliona aibu, maana kazi yake ndiyo kitu pekee ambacho unga haukuwahi kumnyang'anya.

Bosi hakuona pindo. Alijitupa kwenye kiti cha mshauri na kumwita muuguzi, akampa simu.

"Kaa hapo mbele yangu, Fundi. Tupige picha ya ripoti. Ongea chochote, midomo ionekane inatembea."

Fundi akaongea. Hakuwa amekusudia. Alisimulia jinsi binti yake alivyomuuliza asubuhi kwa nini kiganja chake kimelowa. Alisimulia juu ya Mkarimu, yule muuza unga anayeshinda kwenye benchi ng'ambo ya barabara, na jinsi alivyompita siku tatu mfululizo akiwa amefumba macho. "Ninaogopa, bosi," alisema. "Leo sijiamini. Ninaogopa sana."

Bosi alikuwa ameshika kidevu, akitikisa kichwa taratibu. Muuguzi akashusha simu.

"Mbona unashusha? Piga nyingine." Halafu bosi akasimama. "Safi sana, Fundi. Umeweza."

"Bosi, nimeongea na wewe umenisikiliza. Nisainie hapa."

Bosi alicheka, wala si kwa ubaya. "Mimi ni mtu wa utawala, ndugu yangu. Ushauri sikuusomea. Nikisaini, nimeghushi. Na kukupa dawa bila ushauri ni kukubadilishia ulevi tu, ndivyo wakubwa wanavyosema. Jikaze. Wewe ndiye mfano wetu."

Dirisha la dawa lilikuwa limefungwa. Kwenye korido, mlinzi alimgusa bega. "Kaka, toka nje kidogo. Hatutaki wagonjwa wazagae wageni wakifika."

Fundi alisimama nje ya geti, kadi mkononi. Magari mawili meupe yakampita yakiingia. Kutoka pale aliliona dirisha la chumba cha ushauri, pazia moja refu kuliko lingine. Saa sita alitakiwa kumchukua binti yake shuleni.

Ng'ambo ya barabara, Mkarimu alimwona. Hakumwita wala hakumwomba kadi. Alisogea tu kwenye benchi, akamwachia nafasi.