Hakuna cha Kujenga

Wengine asubuhi hupigiwa simu na ndugu. Mimi huletewa makosa, na yote hutoka kwa mtu mmoja: mfamasia wa zahanati ambayo sijawahi kuiona.

Nilipostaafu ufundi wa mitambo niliandika programu ya kuhesabia dawa za stoo, nikaiweka mtandaoni bure. Haiji tayari kama mkate wa dukani. Unapewa msimbo wake, yaani maandishi ya amri yanayoiunda, unausanidi ulingane na kompyuta yako, kisha unaijenga programu mwenyewe. Ukikwama, unanakili kila kilichoandikwa kwenye skrini na kunitumia. Kati ya wote walioichukua, ni mfamasia huyu tu aliyeniandikia, na mwanzoni alinitia wazimu.

"Shikamoo mzee. Imekataa tena."

"Marahaba. Ulisoma maelekezo?"

"Nilisoma, mzee. Ila kusoma na kuelewa ni vitu viwili."

Siku hiyo kompyuta yake ilikosa kipande ambacho programu inakitegemea. Kesho yake diski ilikuwa imejaa. Keshokutwa alikuwa ndani ya folda tupu, anaiamuru kompyuta ijenge hewa. Nilimkaripia kama mwanangu wa kumzaa, akajibu, "Nimekoma, mzee," na asubuhi akarudi.

Tangu mama watoto afariki, meza ya kulia ndiyo ofisi yangu. Kiti chake nimekiwekea printa, maana kikiwa kitupu kilikuwa kinanitazama. Binti yetu anaishi mbali, na hunipigia akiwa njiani kwenda mahali.

"Baba, leo umeongea na nani?"

"Na zahanati."

"Unaumwa?"

"Mimi siumwi. Programu yao ndiyo inaumwa."

Akacheka, akasema amefika, akakata. Nikabaki na simu sikioni, mtu mzima na mvi zangu.

Asubuhi moja mfamasia akaleta tena skrini yake, ndefu, akidai ujenzi umekwama. Kwa kawaida mimi hutazama katikati tu, ndiko makosa yanakojificha. Siku hiyo sikuona kosa, nikateremka hadi chini. Mstari wa mwisho ulisema hakuna cha kujenga. Kompyuta husema hivyo pale tu kila kipande kimeshajengwa na hakuna kilichobadilika. Nikafungua barua zake za nyuma, na mstari ukawa ule ule, barua baada ya barua. Programu ilikuwa nzima siku nyingi, na makosa ya katikati yalikuwa yale ya zamani, ameyabandika upya. Njia ya mwongo ni fupi, lakini huyu mimi mwenyewe ndiye niliyemrefushia, kwa uvivu wa kutosoma hadi mwisho.

Damu ikanichemka. Nikamwandikia kwamba mimi si wa kuchezewa, kwamba muda wangu ni mali, nikaishia hapo. Huo muda nilikuwa nimeupangia nini? Nikafuta yote, nikauliza, "Hapo zahanati mko wangapi?"

Jibu lilikawia. Nilifua shati, nikalianika, nikarudi mezani.

"Niko peke yangu, mzee. Daktari alihamishwa, muuguzi naye akamfuata mumewe. Wagonjwa wakishaondoka, hakuna hata wa kuniambia nimekosea. Programu yako inafanya kazi vizuri sana. Nisamehe. Sitakusumbua tena."

Nikaisoma tena ile sentensi ya mwisho. Kesho ningefungua kompyuta na kukuta kimya. Nilikuwa mpweke, na neno hilo sikuwahi kulitamka hata kwa binti yangu. Mfamasia ningeweza kumwambia, yeye angenielewa. Lakini sisi watu wa rika langu, mambo hayo yakifika mdomoni ulimi unakuwa mzito.

"Misamaha yako weka kabatini na dawa zako," nikamjibu. "Kuna toleo jipya, nakutumia kesho. Lisanidi, lijenge, uniambie linakataa wapi. Na unakili mpaka mstari wa mwisho, safari hii nitausoma."

"Sawa, mzee," akaandika papo hapo. "Nitaamka mapema."

Toleo jipya halikuwepo. Nikafungua msimbo, nikaanza kutafuta cha kubadilisha.