Walioalikwa Mara Mbili

Nyumba yangu ya Kikwajuni, Unguja mjini, haijapata kuwa na watu chini ya kumi, na mwaka ule wa khamsini na sita tulikuwa kumi na wanne, pamoja na Mwatum, mtoto wa kaka yangu Msabah wa Jambiani. Baba yake alimleta kwangu asome skuli ya mjini. Akaja na mkeka wake na kisanduku cha bati, na tangu siku hiyo hajanitia aibu hata mara moja. Nasema hivi mapema msije mkadhani nnamsifu kwa kuwa ni wangu. Ninao wengine walio wangu na siwasifu.

Mwatum alikuwa amebakisha mwaka mmoja kabla ya mtihani mkubwa, ule ambao ukiupita vizuri unakwenda Makerere. Alitaka udaktari. Miaka mitatu kabla, mama yake aliugua miezi mitatu kule Jambiani, akakataa katakata kuguswa na daktari mwanamme, na sisi hatukumjua wa kike wa kumpelekea. Mwatum aliacha skuli akakaa naye mpaka siku ya kumzika. Aliporudi mjini hakulia mbele za watu, ila aliniambia siku moja, tukichambua mchicha, kwamba wako wengi kama mama, na kwamba yeye atakuwa wa kupelekewa.

Sasa Alkhamisi moja akarudi na karatasi. Kila mwanafunzi aandike masomo atakayoyafanyia mtihani, mlezi atie sahihi, karatasi irudi Jumatatu. Mwalimu wake, mtu mwema, alimshauri aache hesabu. Kiingereza chake na historia vinang'aa, lakini katika hesabu alipata ishirini na nane kwa mia, na shimo kama hilo huenda likakivuta chini cheti kizima. Aache, apate cheti kizuri, aende Makerere akasome lugha, arudi awe mwalimu. Tabu ilikuwa moja tu: bila ya hesabu, udaktari asahau.

Nyumba yangu haina siri. Kufika magharibi kila aliyepita barazani alikuwa na lake. Mmoja alisema mwanamke na hesabu wapi na wapi. Mwengine akasema ualimu una heshima na likizo. Jirani yangu Bi Shemsa, ambaye Jumapili yake alikuwa anamuoza binti, alisema mtoto aachwe apumzike, amekonda. Mie nilimuuliza Mwatum mwenyewe anataka nini. Akasema anataka udaktari, ila haoni kama ni uungwana kuomba kitu usichokiweza. Akaikunja karatasi akaitia chini ya mto.

Jumamosi ikatukuta na shughuli ya Bi Shemsa. Harusi ilikuwa ya watoto wa ndugu, bwana harusi na bibi harusi babu yao mmoja, na karamu ya wanawake ikawa moja, kwa Bi Shemsa, mie nikisimamia masufuria. Lakini kualika, kama ilivyo kwetu, kila upande ulialika watu wake. Upande wa bibi harusi ulimtuma Bi Duni mlango kwa mlango, na upande wa bwana harusi ukamtuma Bi Duni huyo huyo mlango kwa mlango, maana katika mtaa wetu hakuna mwalishi mwengine mwenye miguu na ulimi kama wake. Hajui kuandika. Anabeba mialiko yote kichwani, na hajapata kumsahau mtu.

Nikaletewa idadi. Upande wa kike wanawake mia na sitini, upande wa kiume mia na arubaini. Jumla mia tatu. Sinia moja wanawake wanne, basi masinia sabini na tano, kila sinia vibaba viwili vya mchele, yaani nusu pishi. Nikaita watu waje wachague mchele, tukaanza, na mie nnazungumza huku nnahesabu, pishi thalathini na saba na nusu.

Mwatum alikuwa anachagua mchele pembeni. Akaniuliza, pole pole, kama asiyetaka kunikatiza: "Shangazi, wewe umealikwa na nani?"

Nikamwambia mie nimealikwa na kila mtu, Bi Duni amekuja kwangu mara mbili.

"Basi umo katika mia na sitini, na umo katika mia na arubaini."

Nikaiweka chini ungo. Ilikuwa kweli. Nimesimamia shughuli miaka ishirini, na nusu ya harusi za mtaa huu ni za watoto wa ndugu, na kila mara wali ukibaki tunasema ni baraka. Hakuna aliyepata kuzikutanisha zile idadi mbili, kwa sababu huwezi kwenda kwa mkweo ukamwambia nipe majina ya watu wako nione kama si wangu. Huo ni ugomvi wa miaka. Na mwalishi naye haupeleki mwaliko wa nyumba hii katika nyumba ile. Hiyo ni amana.

Tukamwita Bi Duni. Akaja na tasbihi yake mkononi, anahema, akisema kama ni kualika tena basi tumuue kabisa. Mwatum akamsogezea kigoda.

"Shikamoo, Bi Duni. Sitaki majina."

"Marahaba, mwanangu. Majina hata ungeyataka hupati."

"Nataka upite mitaa yote kwa moyo wako, kimya kimya. Kila mwanamke uliyemwalika kwa pande zote mbili, vuta punje moja ya tasbihi. Ukimaliza, nioneshe tu punje zilizobaki."

Bi Duni akamtazama, kisha akanitazama mie, kisha akafumba macho. Midomo ikawa inacheza. Tukaendelea kuchagua mchele hata chai ikapoa. Alipofumbua macho alikuwa amebana punje saba baina ya vidole. Tasbihi ina tisini na tisa. Tisini na mbili walikuwa wamealikwa mara mbili.

Mwatum hakushika kalamu. Akasema mia tatu toa tisini na mbili ni mia mbili na nane, masinia khamsini na mbili, mchele pishi ishirini na sita. Akafikiri kidogo, akaongeza pishi mbili za wale wasioalikwa. Bi Duni akacheka mpaka akajifuta machozi, maana hao ndio anaowajua kuliko wote.

Sasa mkumbuke, mwenye masufuria ni mie. Alikuwapo mama mmoja mtaa wa pili, wali ulimpungukia akagawa ukoko, wakamwita Bi Ukoko mpaka anakufa. Bi Shemsa aliposikia nimepunguza pishi tisa na nusu alikuja jikoni akasimama mlangoni, akaniuliza kama nina kinyongo na binti yake. Nikamwambia jina litakalochafuka ni langu. Nilisema kwa kiburi, kisha nikarudi kuupima mchele upya.

Jumapili wakaja. Wakaingia mpaka wakajaa ukumbi na uwanja na ngazi. Masinia yakatoka, na mie nnahesabu kila linalopita mlangoni. Khamsini na mbili, yakaliwa. Kisha wakatokea wa kutokea, wajuao njia bila ya mwaliko, yakatoka matatu mengine. Likabaki sinia moja, ambalo tulilila sisi wapishi, bado la moto. Bi Shemsa alikuja akakaa nasi chini, akala tonge kutoka mkononi mwangu, na kwa Bi Shemsa hiyo ndiyo samahani.

Unaweza kudhani habari imekwisha. Wanawake wote walidhani hivyo. Walimzunguka Mwatum pale jikoni, huyu anamkumbatia, huyu anamwita daktari wetu, na Bi Shemsa akatangaza kwamba ile karatasi ijazwe hesabu sasa hivi, mbele ya mashahidi. Mie nilikuwa wa kwanza kuitikia.

Mwatum akangoja tunyamaze.

"Shangazi, ile ya jana si hesabu ya mtihani. Ile mtoto mdogo anaiweza, ila lazima kwanza ajiulize anamhesabu nani. Hilo ndilo nililoligundua. Darasani sijiulizi. Nilipokuwa Jambiani na mama, wenzangu walianza kutumia herufi pahala pa namba. Niliporudi niliona haya kuuliza herufi ile ni nani. Tangu siku hiyo nnanakili tu."

"Basi unaiacha?" nikamuuliza.

"Siiachi. Nitamwomba mwalimu kila siku baada ya masomo yangu nikakae na darasa la chini linalosoma alasiri, wale wanaoanza hizo herufi sasa. Nianze pale nilipoachia."

Nikamwambia ajue anachokisema. Wale ni watoto wa miaka kumi na mitatu. Mtaa utamuona anatoka nao, na mtaa wetu nnaujua, maana nusu ya maneno yake yanaanzia barazani kwangu. Watasema amerudishwa darasa. Watasema binti wa shamba ameshindwa.

"Waseme. Nikiacha hesabu hakuna atakayesema kitu, shangazi. Nitabaki kujua mie tu, kila atakapoumwa mtu."

Mie nimekaa na watu wengi, wasomi na wasiosoma, na wengi wao nimewaona wakificha wasichokijua kama kidonda. Huyu alikiweka kwenye sinia, mbele ya jiko zima, akiwa bado anasifiwa.

Jumatatu asubuhi akaandika hesabu juu kabisa ya karatasi. Mie sijui herufi za skuli. Nikatia sahihi kwa zile za chuo cha Kurani, kutoka kulia kwenda kushoto, pole pole, isiharibike. Alipotoka tu, na vileja viwili vya unga wa mchele nilivyomfungia ale skuli, nikampelekea salamu Bi Duni. Nilimwomba apite mlango kwa mlango kama anavyoalika harusi, aseme Mwatum binti Msabah amekwenda kuomba mwenyewe kukaa na darasa la chini ili ajifunze alichokikosa alipokuwa anamuuguza mama yake. Kufika adhuhuri Kikwajuni yote ilikuwa inajua, na wa kunong'ona wakakosa cha kunong'ona.

Jioni akarudi, vumbi la chaki kwenye mkono wa kanzu. Nikamuuliza vipi. Akasema magoti hayaingii chini ya dawati, na wale watoto wote wanamzidi.

"Kesho nifungie vileja zaidi, shangazi," akasema, akivua viatu. "Kuna mmoja, Mwanamkasi, ndiye anayenielewesha. Kasema hafundishi mtu mkubwa kwa vileja viwili."