Mwandiko Unaotetemeka

Kabla sijamgusa mtu kwa sindano namuuliza kama amekula, kama anajua mstari mwembamba unazeekaje, na kama jana alikuwa na akili hii hii ya leo. Watu husema mimi ni mkali. Ni kweli, sikatai. Tatuu hizi za mistari myembamba kama uzi zinapendeza kwenye simu kwa sababu zimepigwa picha siku hiyo hiyo. Ya mwaka wa kumi nani anaipiga picha?

Yule binti swali la kwanza alilijibu haraka. "Nimekula, fundi." Nikamwamini, na hilo likawa kosa langu la kwanza siku ile.

Alikuwa muuzaji wa duka la dawa, mwembamba, koti lake jeupe limekunjwa kwenye mkoba. Akatoa kikaratasi alichokihifadhi ndani ya mfuko wa plastiki, kina doa la mafuta pembeni. Kilikuwa na neno moja tu kwa kalamu ya bluu: Nimekuwekea.

"Mwandiko wa mama," akasema. "Nikichelewa kazini nilikuwa nakuta sahani mezani imefunikwa, na kikaratasi juu yake. Vingine vyote nilitupa. Ningejuaje? Hiki ndicho cha mwisho, na wino umeanza kufifia. Naogopa siku moja nitakitoa nikute karatasi tupu."

"Unataka wapi?"

Akanyoosha kidole cha shahada, akanionyesha ubavu wa kidole hicho. "Hapa. Dogo kabisa. Nikimpa mtu dawa, nilione mimi tu."

"Mdogo wangu, kwa siku unanawa mikono mara ngapi?"

"Hata sihesabu."

"Basi mwakani mama yako atakuwa amebaki nusu."

Maneno yalinitoka kabla sijayapima. Aliinamisha kichwa, nami nikatamani kujizaba kofi. Nikapandisha mkono wa shati langu, nikamwonyesha tatuu yangu ya kwanza, niliyoandikwa na rafiki yangu tulipokuwa bado tunajifunza kazi. "Soma."

Alisogea, akakunja uso. "Ni mdudu?"

"Ni mtoto wangu wa kwanza. Jina lake zima."

Tulicheka wote wawili, na baada ya hapo akawa msikivu. Nikamweleza kwamba wino hautulii ulipowekwa. Unatambaa chini ya ngozi polepole, mwaka hadi mwaka. Neno lake lina e tatu na a moja, na kila moja ina tundu lake. Ukiziandika ndogo, matundu yote yanaziba, unabaki na madoa. Kidoleni ngozi inasuguliwa kutwa, wino haukai. Tuliandike upande wa ndani wa mkono, chini ya kiwiko, lilingane na urefu wa kiganja. Koti litalifunika, jua halitalichoma.

"Na hapo halitafutika?"

"Litafifia. Utakuja nilipitie tena. Mimi siuzi umilele hapa."

Akapiga jicho kwenye mdudu wangu, akakubali.

Nikaketi kunakili mwandiko kwenye karatasi ya kubandika. Miaka kumi na mitano nimeufundisha mkono huu kutotetemeka, maana kwenye mstari mwembamba hakuna pa kuficha kosa. Nikabandika, nikabandua, neno likabaki mkononi mwake, safi, limenyooka. Nilijisikia vizuri.

Aliliangalia. "Zuri. Lakini huu mwandiko ni wa nani?"

Nilikasirika. Nusu saa nzima nimeinama, halafu naulizwa hivyo! Nikakichukua kile kikaratasi nimwonyeshe kwamba ni ule ule, na hapo ndipo nilipokiona. Miguu ya m ilikuwa inapanda na kushuka kwa vijongo vidogo. Kwenye k ya pili kalamu ilikuwa imeruka. Yote hayo nilikuwa nimeyanyoosha bila hata kujua.

"Alikuwa anaumwa?"

"Miezi mitatu ya mwisho hata kijiko alikishika kwa mikono miwili. Lakini sahani alikuwa anaifunika mwenyewe."

Nikaifuta kazi yangu yote kwa spiriti. Nikanakili upya, kijongo kwa kijongo, kama mwanafunzi. Kisha nikawasha mashine, nikaanza kutetemesha kwa makusudi mstari niliotumia ujana wangu kuunyoosha. Jasho lilinitoka.

Nilipomaliza ile k ya pili nilimtupia macho. Midomo ilikuwa imempauka. Nikazima mashine.

"Umekula lini?"

"Jana mchana."

"Kwa hiyo ulinidanganya."

"Samahani, fundi. Tangu afariki, nikifika nyumbani njaa inakatika. Nafungua mlango, mezani hakuna kitu, naenda zangu kulala."

Nilivua glovu, nikaenda chumba cha nyuma kwenye chakula changu cha mchana. Mkate na mayai. Nikamgawia nusu kwenye sahani, nikaifunika kwa sahani nyingine kwa sababu ya vumbi, nikampelekea. "Kula kwanza."

Hakugusa. Aliikodolea macho tu. Nilifungua mdomo nimkaripie tena, ndipo nami nikaitazama ile sahani iliyofunikwa. Nikafunga mdomo.

Aliifunua taratibu. Akala analia, analia anakula, na mimi nisiyetaka mteja hata akohoe kwenye kiti changu nikamwacha alie.

Aliposhiba nilivaa glovu mpya. Zilikuwa zimebaki herufi mbili. E niliitetemesha kwa ustadi, kama zilizotangulia. A, nakiri, ilitetemeka yenyewe.

Aliutazama mkono wake, kisha akaweka kidole karibu na ile a, bila kuigusa.

"Hii," akasema, "hii ndiyo yake kabisa."