Fundi Bati na Sekunde Tisa

Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa hali ya hewa walijipanga kwenye madirisha ya darasa, kila mmoja na saa na karatasi yake. Mwalimu wao, mrefu mwembamba hata wakampachika jina la Kipimamvua, alikuwa amewapa kazi: ukiona umeme, anza kuhesabu, ukisikia ngurumo, acha. Kila sekunde tatu ni kilomita moja.

"Zikiwa chini ya thelathini, asibaki mtu nje," alisema. "Hata kama juu ya kichwa chako jua linawaka."

Binti wa fundi bati aliandika arobaini na mbili. Halafu thelathini na tano. Kalamu iliteleza kwa jasho, maana ng'ambo ya uwanja, juu ya paa jipya la bwalo, baba yake alikuwa amechuchumaa peke yake, misumari mdomoni, anagonga. Asubuhi binti alimwomba aangalie mawingu, naye akacheka. "Mama, niko juu ya mabati tangu hujazaliwa. Nikisikia ngurumo nashuka. Hilo halihitaji chuo."

Ishirini na nne. Vioo vilitetemeka. Fundi akatoa msumari mwingine mdomoni.

"Yule mzee ana mkataba na mawingu," mwanafunzi mmoja akadakia, wengine wakacheka.

Binti hakucheka. Aliita "Baba!" mpaka koo likakauka, na baba hakugeuka. Umeme ulipomulika tena, alitupa karatasi akatoka mbio, Kipimamvua akimwita arudi. Alihesabu huku akikimbia. Kumi na tano.

Ngazi ilikuwa ya chuma, na yeye hata juu ya kiti hupata kizunguzungu. Alipanda vidato vitano akakwama, macho kayafumba, akiing'ang'ania kwa mikono miwili. Ngazi ikatikisika, na baba akachungulia.

"Wewe! Unataka kuvunjika shingo? Shuka."

"Nitashuka ukishuka wewe."

Baba alimkazia macho midomoni mpaka aliporudia. Akatema misumari kiganjani, akashuka nyuma yake akinung'unika, mkono mmoja umemshika bega.

Walikuwa wameingia tu mlangoni mwa darasa umeme ulipomulika. Binti akahesabu kimoyomoyo: tisa. Ngurumo ikapasuka, darasa zima likainama, Kipimamvua mwenyewe akajishika ukutani.

Fundi alikuwa anafuta misumari kwa shati, mmoja mmoja.

"Umeniaibisha mbele ya wenzako," alisema. "Ningeshuka mwenyewe. Mbona haijanguruma hata mara moja?"

Binti akakumbuka redio ya nyumbani, jinsi inavyopiga kelele mpaka majirani wanalalamika, na wao nyumbani wakidhani mzee anapenda tu taarifa ya habari. Akasogea nyuma ya kisogo chake.

"Baba," akaita, kwa sauti ya kawaida.

Wenzake wote wakageuka.

"Kesho nina paa la ghorofa mbili kule sokoni," fundi akaendelea, akitia misumari mfukoni. "Huko angalau nitafanya kazi kwa amani."