Kivuli cha Mkono wa Kiti

Ambindwile wa Msasani, pale Tukuyu, alikuwa amekunja viti vya mianzi miaka thelathini, na hakuna fundi aliyempata kwa mikono ya viti. Kabla ya kupasha mwanzi moto, alichora udongoni mistari miwili: mkono wenyewe unavyopanda na kushuka, na chini yake kivuli chake cha jua la utosini, kinachoonyesha unavyopinda kando.

Miaka ya tisini ikielekea ukingoni, soko huria limekwisha kolea, akaja Fred, mtaalamu wa kampuni moja ya samani ya Dar es Salaam. Alikuwa na kompyuta na kalamu ya umeme ya kuchorea juu ya kibao. Hoteli mpya ya mjini ilitaka viti sitini. Fred alimwahidi Ambindwile kwamba kompyuta ikishajua umbo la mkono wa kiti chake, kazi yote ya viti hivyo itakuwa yake.

Kompyuta haikujua kitu. Fred alichora mstari, akaugeuza kwenye kioo cha kompyuta, ukalala bapa kama chapati. Ambindwile alicheka, akaishika kalamu, akachora kivuli chini ya mstari. Fred aliandika kwenye daftari lake. Mwezi uliofuata alirudi, na safari hii mkono wa kiti ulisimama ndani ya kioo, ukazunguka mzimamzima. Mzee wa watu alitokwa na machozi ya furaha.

Mkewe, Elina, alimsihi adai maandishi. Ambindwile alikasirika. Kwake, kumdai karatasi mgeni aliyekula ndizi mezani pako ni kumwita mwizi.

“Basi subiri uone,” Elina alisema.

Wahenga walituambia tenda wema nenda zako. Hawakusema uende wapi. Viti sitini vilifika hotelini kwa lori kutoka Dar, vya mabomba ya chuma yaliyopakwa rangi ya mianzi. Ambindwile alijitwika kiti chake kizuri kuliko vyote akaenda hotelini, akitumaini watachukua hata kimoja. Humo ndani alipitisha kiganja juu ya mkono wa chuma, akaujua. Ulikuwa wake, hadi kibonde cha kulazia kiwiko.

Meneja, kijana aitwaye Lusungu, alivitazama viti vyote viwili, akatabasamu kwa heshima zote za mtoto kwa baba.

“Umeiga vizuri sana, tata. Ila sisi tunavyo vyenyewe halisi.”

Ambindwile alikibeba kiti chake akarudi Msasani, na waliomsalimu njiani hakuwaitikia.