Kinywaji cha Siku ya Maslaha

Saa nne asubuhi Osob alikuwa jikoni akikata ndimu, na sebuleni wanaume walikuwa wakimgawa. Kati yake na wao palikuwa na pazia la maua mekundu alilolinunua mwenyewe. Ndimu zilitoka shambani kwake, kando ya Mto Tana, mwendo mfupi kutoka mjini Garissa. Zilikuwa na ganda jembamba na maji mengi, na kisu kilizipita bila kelele.

Jambo lenyewe lilikuwa rahisi. Mumewe Yonis alikuwa amefariki, eda ilikuwa imekwisha, na kaka wa marehemu, Warsame, alikuwa ametoka Sangailu kuja kudai dumaal, yaani haki ya kumrithi mjane wa ndugu yake. Warsame hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na wake wawili, ng'ombe waliokonda kwa ukame, na hamu kubwa ya shamba lenye maji. Mjane akirithiwa, shamba humfuata. Shamba hilo Osob alililima kwa mikono yake wakati Yonis akizunguka na lori la mifugo, na Yonis mwenyewe, Mungu amrehemu, alimwambia kila mtu kwamba shamba ni la mke wake na yeye ni mla ndimu tu.

Katika maslaha, baraza la wazee la kusuluhisha mambo, mwanamke hasemi. Husemewa. Msemaji wa Osob alikuwa baba yake mdogo, Adeer Abdisalam. Jana yake Osob alimweleza kinagaubaga kwamba hamtaki Warsame na shamba hatoi, naye Abdisalam akamsikiliza kwa huruma nyingi, akala sahani mbili za wali, akaenda zake. Sasa sauti yake ilipenya pazia, sauti nzuri ya mtu aliyelala vizuri.

"Osob ameridhia," alisema.

"Sikubali!" Osob akapaza sauti kutoka jikoni.

Wanaume walinyamaza kidogo, kama watu wanaosubiri pikipiki ipite barabarani, kisha wakaendelea. Osob akasema tena, kwa nguvu zaidi. Mzee Dagane, mwenyekiti, aliomba dirisha lifungwe kwa sababu upepo ulikuwa unaleta kelele. Osob aliposema mara ya tatu, Mzee Maow aligeukia pazia akauliza kwa upole kama chai iko karibu.

Osob alikasirika, akaipasua ndimu iliyofuata kwa pigo moja. Hakulia. Machozi yake yote alikuwa amemlilia Yonis, na hata kama yangekuwa yamebaki, ya Warsame hayakuwemo.

"Leo hakuna chai," alimwambia Deeqa, jirani aliyekuja kumsaidia. "Hawa watakunywa kitu baridi."

Sukari, tangawizi na maganda ya ndimu vilikuwa vimeshachemka pamoja na kupoa. Akaponda majani ya nanaa na rehani kwenye kinu, kidogo tu, maana yakipondwa sana huwa machungu. Akakamua ndimu, akachuja mbegu, akachanganya vyote na maji ya friji, akamimina kwenye chupa kubwa za plastiki na kuacha nafasi juu. Kilichobaki kilikuwa magadi meupe ya kupikia, kijiko kimoja kwa kila chupa, kisha kifuniko kikazwe upesi kabla gesi haijatoroka.

"Haya, abaayo, dada yangu, sasa nyamaza," Deeqa akasema.

Kila mwanamke wa mtaa ule alilijua hilo. Magadi yakikutana na ndimu hutoa gesi, na gesi hubeba neno lolote lililo hewani wakati kifuniko kinafungwa. Idi iliyopita jirani mwingine, Ramla, alifunga chupa zake huku akimsema mama mkwe, na wageni wakambeulia yule mama maneno yaleyale mpaka magharibi. Tangu siku hiyo watu walifunga mdomo kwanza, chupa baadaye.

Osob alitia magadi kwenye chupa ya kwanza. Povu lilipopanda aliinamia shingo ya chupa, akasema polepole, kama anayemsomesha mtoto, "Sikubali kuolewa na Warsame." Akakaza kifuniko. Katika ya pili akasema, "Shamba ni langu. Ndimu nilipanda mimi." Katika ya tatu akasema, "Adeer Abdisalam amewadanganya."

"Wallahi wewe umeisha," Deeqa akasema. Halafu akaenda kutafuta barafu.

Bilauri zilipoingia sebuleni, Mzee Dagane aliinua yake mbele ya mwanga wa mlango. "Hii ni halali?"

"Ni ndimu na majani tu, mzee," Deeqa alijibu. Mambo ya vinywaji yalipozungumzwa, sauti za wanawake zilisikika vizuri kabisa.

Jua la Garissa lilikuwa limeshaanza kazi yake, na bati juu ya vichwa vyao lilikuwa likilia. Walikunywa, wakashusha pumzi, wakasifu. Chupa zote tatu zilizunguka mkeka mzima.

Wa kwanza kubeua alikuwa Mzee Maow. Alifunika mdomo kwa adabu, na mbweu ikasema kwa sauti ya Osob, "Sikubali kuolewa na Warsame."

"Alhamdulillahi," Maow akamalizia, kama ilivyo desturi.

Akafuata Warsame mwenyewe. "Shamba ni langu. Ndimu nilipanda mimi," tumbo lake lilisema, naye akaomba radhi na kulaumu tangawizi. Abdisalam alijizuia mpaka mishipa ya shingo ikamsimama, lakini gesi haina ujamaa na mtu. "Adeer Abdisalam amewadanganya," akabeua, na sebule nzima ikasikia.

Hakuna aliyeshtuka. Hawa walikuwa wazee wa maslaha, na jambo likiletwa mbele yao hujadiliwa.

"Hoja ni nzito," Maow alisema. "Nimeisikia ikitoka kwa mtu mzima mwenye ndevu."

"Imetoka kwako," Dagane akamwambia.

"Ndiyo maana nasema ni nzito."

Warsame aliomba kufuta yake. Dagane alimjibu kwamba mbweu ikishatoka haifutiki, ila mwenyewe anaweza kuifafanua. Warsame akajaribu kufafanua, akabeua tena katikati, na ufafanuzi ukawa upande wa Osob. Kwa muda fulani mambo yalimwendea Osob vizuri. Nyuma ya pazia alikuwa amemshika Deeqa mkono kwa nguvu, akianza kutumaini.

Ndipo Abdisalam akasimama.

"Wazee wangu," alisema, "mimi ndiye msemaji wake. Lakini nilipewa kazi ya mdomo. Tumbo sikupewa."

Mzee Dagane alizungusha barafu kwenye bilauri, akafikiri sana, na aliposema alisema kama mtu anayeweka jiwe mahali pake.

"Msemaji ni mdomo. Mdomo umesema ameridhia. Yaliyosemwa na matumbo tumeyasikia, tumeyaheshimu, wala hatuyahesabu. Nikaha ni Ijumaa, na shamba liende nayo."

Wakainua mikono kuomba dua. Dua ilikatizwa mara kadhaa na sauti ya Osob, kutoka kifua hiki na kile, na kila mara waliingoja imalize kabla ya kuendelea. Kisha wakasema amin.

Osob alifunua pazia. Deeqa alimvuta shela, shela ikanyooka, ikamponyoka. Osob akaenda mpaka katikati ya mkeka, akasimama kati ya bilauri. Yeye hakuwa ameonja hata tone.

"Sikubali," akasema.

Mzee Dagane aliangalia kushoto, akaangalia kulia. "Nani amebeua?"

"Si mimi," Warsame alisema.

"Wala mimi," Abdisalam alisema, mkono ukiwa mdomoni.

Mzee Maow alipapasa tumbo lake kwa makini, akatikisa kichwa.

"Sikubali," Osob akasema tena. Akaketi palepale mkekani, kati ya Dagane na Maow, mahali ambapo hakuna mwanamke aliyewahi kuketi, akakunja miguu kama mtu asiyekusudia kuondoka. Wazee wawili walisogea kumpa nafasi, kisha wakaendelea kuulizana ni nani aliyebeua.