Shefu wa Majani

Wewe unayesoma, umeshaona mtu mzima akikata majani kwenye reli ambayo treni haipiti? Watu wa Kindu, mji wa reli mashariki mwa Kongo, walimwona. Ulikuwa wakati wa vita, chumvi inauzwa kwa kijiko, na treni ya kutoka kusini imekatika kabisa. Lakini kila asubuhi mfanyakazi mmoja wa reli, mtu wa asili ya Kasai, alivaa kofia yake ya kazi, akachukua panga, akaenda stesheni kukwangua majani katikati ya vyuma. Watoto walimfuata wakimwimbia kama mkubwa wa kazi: "Shefu wa majani! Shefu wa majani!" Yeye aliendelea kukwangua.

Tshibola alizaliwa baada ya hayo, na habari hiyo hakuijua. Yeye alimjua babu yake, Mzee Kabeya, ambaye wajukuu walimwita Kaku kwa desturi ya Kasai, kuwa mzee wa kiti cha mwanzi pale mtaani Mikelenge, mjini Kindu, mwenye maneno makali juu ya masomo ya watu.

"Dokta anavaa bluzi nyeupe," Kaku alisema siku Tshibola alipojiandikisha chuo kikuu kusomea usimamizi wa mazingira. "Avoka wa mahakamani anavaa robe nyeusi. Wewe utavaa nini?"

"Bote, Kaku, viatu virefu vya mpira."

"Bote! Njo kusema mutoto wetu anaenda kusomea matope."

Nyumba nzima ilicheka. Tshibola naye alicheka, ila ndiye wa kwanza kuacha.

Akasoma. Alisoma maji, udongo, takataka za mji, sheria za misitu, na namna ya kuuliza mto utabaki vipi kabla mashine haijaanza kuchimba. Siku ya kutangazwa matokeo, ua wa chuo ulikuwa mweupe kwa pudri, ile poda ya kupaka mwilini. Unajua desturi yetu: mtoto akifaulu, watu wa kwao wanammwagia pudri kichwani mpaka anafanana na aliyetoka ndani ya gunia la unga, na mkubwa wa ukoo ndiye anayeanza. Bibi yake, Mbelu, alikuja na kopo jipya la pudri amelifunga katika kitambaa. Akampa mumewe. Kaku akaligeuzageuza mkononi, akalirudisha.

"Nitamwaga siku nitaona kazi."

Tshibola akarudi nyumbani na nywele nyeusi vilevile, na kopo likapandishwa juu ya kabati.

Kazi ikatafutwa. Glodi, aliyesoma naye, alikwenda Kampene kununua madini kwa wachimbaji. Archange, wa darasa lilelile, alifungua kibanda cha kuchaji simu. Tshibola aliomba katika kila ofisi yenye mlango. Hakuna aliyemwita. Ndipo akaanza kutazama nyuma ya nyumba yao.

Kulikuwa na korongo pale, lile ambalo mtaa unaliita erozyo. Kila mvua lilisogea kidogo kuja juu. Lilikwisha kula mihogo ya jirani yao Sumaili, likala na choo chake, na sasa lilikuwa linanusa jiko la Mbelu. Dawa ya mtaa ilikuwa moja: kila mtu analeta gunia la takataka na mchanga, anatupa ndani. Mvua ikija, magunia yanawashukia watu wa bondeni, na korongo linabaki na njaa ileile.

Tshibola akavaa bote. Akawaomba majirani waache magunia. Akapigilia vijiti vya mianzi ndani ya korongo, akapanda kwa mistari iliyobanana ile nyasi ya mizizi mirefu inayoitwa vetiveri, aliyoichukua katika shamba la mazoezi la chuo.

"Iniversite ya kupanda majani!" Sumaili alipiga makofi. "Basi mbuzi yangu njo profesere!"

"Mufunge profesere wako, Papa Sumaili, asikule somo."

Mvua ya kwanza ikang'oa karibu yote. Kaku alitoka, akayatazama majani yakielea kwenye matope, akarudi ndani, akafunga mlango. Mlango ule ulimuuma Tshibola kuliko mzaha wowote. Akavua bote, akazitupa karibu na jiko.

"Nimechoka," alimwambia bibi yake. "Kaku ataniona mjinga mpaka mwisho."

Mbelu alikuwa anatwanga sombe, majani ya mihogo ya mboga, wala hakuacha kutwanga. "Unajua kwa nini babu yako hawezi kuona majani mukononi mwa mutoto wake?" Akamweleza yote: kofia, panga, reli bila treni, wimbo wa watoto. "Vita ikaisha. Treni ya kwanza ikakuja polepole, watu wanashuka kila mahali kufyeka njia. Ilipofika kwa kipande chake, ikakimbia! Ikapiga honi. Mimi nililia. Yeye alisimama tu na panga yake. Hakuna muntu alimwambia kitu."

Mchi uliendelea kupiga. Tshibola akaokota bote.

Safari hii aliinua macho kwanza. Maji yalitoka wapi? Kwenye mabati ya nyumba za juu, na yeye alikuwa ameanzia chini. Akapita nyumba kwa nyumba kuomba kila ua uchimbe shimo la kupokea maji yake. Akakata mteremko kwa mitaro ya kukingama ili yanayobaki yashuke bila mbio. Sumaili, ambaye choo chake kilishaliwa, alikuja na jembe bila kuitwa. Mwisho kabisa ndipo nyasi ikarudi.

Mvua kubwa ilipiga mchana. Ilipiga mabati mpaka watu wakawa wanasemezana kwa mikono. Mtaa mzima ulisimama barazani, macho kwenye jiko la Mbelu. Ilipokatika, nyasi ilikuwa imelala chini. Kisha ikainuka, jani kwa jani. Ukingo wa korongo ulikuwa palepale.

"Imesimama!" Sumaili alipiga kelele. "Erozyo imesimama! Profesere wangu anaomba masamaha!"

Wanawake wakapiga vigelegele mpaka barabarani, na habari ikatembea. Ikamfikia Élisabeth, injenia wa mradi wa barabara ya Kampene. Akaja na bote zake mwenyewe, akashuka korongoni, akavuta shina la nyasi kwa mikono miwili. Likakataa.

"Nani alifanya hii?"

Vidole vyote vikaelekea upande mmoja.

"Barabara yetu iko na miteremko mingi, na mito chini yake. Natafuta mutu wa kuisimamia. Unaweza kuanza lini?"

"Nimeshaanza, Mama."

Injenia akacheka, akamwambia aje na wenzake wawili aliosoma nao. Glodi akarudi kutoka Kampene. Archange akafunga kibanda.

Lakini kabla ya hao kufika, siku ileile injenia alipokuja, Kaku alitoka ndani. Kichwani alikuwa na kofia ya reli, imepauka, ukingo umeliwa na mende. Mkononi, kopo. Akalifungua kwa shida, akammwagia mjukuu wake pudri yote, nywele, mabega, mpaka bote zikawa nyeupe.

"Kaku, sasa umeona kazi?"

"Niliiona tangu siku ya kwanza. Niliogopa watakuimbia kama waliniimbia." Akapangusa pudri machoni mwake, maana na yeye ilimpata. "Ile miaka yote, wanasema nilikuwa nangojea treni. Hapana, mutoto wangu. Nilitaka muntu mumoja tu akuje pale kwa reli, asimame karibu yangu, aseme: Kabeya, hii njo kazi."